Tuta Lilikuwa Kavu

Mtu wa Kyela humwambii kitu juu ya mchele wake. Mtukane yeye, mtukane na mjomba wake, atacheka. Sema mchele wa kwingine unanukia zaidi na siku hiyo utaondoka kwake bila chakula. Ndivyo alivyokuwa Ambrose wa Ndandalo, na ndiyo sababu alikata tuta. Watu wakisikia fulani kasababisha kifo hudhani alikuwa na chuki, au alikuwa amelewa. Ambrose hakuwa na chuki wala pombe. Alikuwa na majaruba ya mpunga uliochanua, na maji yalikuwa yameufika shingoni.

Tuta lenyewe lilikuwa la nyumba mbili. Upande wa juu yalikuwa majaruba ya Ambrose. Upande wa chini ilikuwa nyumba ya Nsajigwa pamoja na migomba na kakao yake. Watu hawa walikuwa marafiki tangu wakichunga ng'ombe pamoja. Mafuriko yalipowachosha, walilipandisha tuta kwa mikono yao wenyewe, wake zao wakibeba udongo kwa karai, na wakakubaliana kwamba hakuna atakayeligusa kwa jembe, litokee litakalotokea.

Basi siku moja ya masika, jua likiwaka Ndandalo kana kwamba hakuna kitu, mvua iliyonyesha huko juu Tukuyu ikateremka na mto. Ambrose akaona mpunga wake unazama. Akajiambia atatoboa upenyo mdogo tu, upana wa jembe, maji yapungue, kisha azibe. Mtu mzima aliyezaliwa na kulelewa kando ya maji, akajidanganya hivyo! Upenyo ukawa mlango, mlango ukawa barabara, naye akabaki akitupia magogo ya migomba yanayoondoka mbele ya macho yake. Ndipo aliposikia yowe la mtoto kutoka nyumbani kwa Nsajigwa.

Ndani ya nyumba ile alikuwa amelala Lusajo, mtoto wa pekee wa Nsajigwa na mkewe Atupele. Alikuwa na homa. Baba yake alikuwa sokoni Kyela mjini. Mama yake alikuwa amekwenda barabarani, mashineni, kukoboa mpunga wa kupika jioni. Ambrose ndiye aliyefika wa kwanza, ndiye aliyeingia majini mpaka kifuani, ndiye aliyetoka amembeba mtoto aliyekwisha kwenda zake. Waliomwona walilia kwa ajili ya mtoto, wakalia na kwa ajili yake. Haukupita muda mrefu wakamchagua kuwa mzee wa kanisa.

Hata hivyo, kukata tuta lilikuwa kosa la mtu aliyetaharuki. Dhambi yenyewe ilikuja baada ya matanga, kwenye kikao cha ukoo, mchana kweupe, Ambrose akiwa amekaa kwenye kiti na koti amevaa. Bibi Angetile, mama yake Nsajigwa, aliuliza mbele ya watu wote ni mama gani anayemwacha mtoto mgonjwa peke yake wakati wa masika. Atupele sauti ilikuwa imekauka kwa kulia, na alikuwa na jibu moja tu. Alisema kabla hajatoka alizunguka nyuma ya nyumba akaliangalia tuta, na tuta lilikuwa kavu. Lingekuwa na maji, hata kidogo, asingemwacha mwanawe.

Wakamgeukia Ambrose, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa shambani siku ile. Tuta lilikuwaje?

"Lilizidiwa tangu asubuhi," alisema Ambrose. "Maji yalikuwa yanavuka juu."

Maneno machache tu. Atupele alimtazama bila hasira. Alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa kwamba jina lake si jina lake. Kisha akainamisha kichwa. Kabla masika hayajaisha akarudishwa kwao Itungi, na Nsajigwa akamwoa Prisca, ambaye amemzalia watoto wawili.

Ilikuwa imetimia miaka sita tangu siku hiyo, asubuhi moja Ambrose akigeuza kakao kwenye mikeka, alipoona wanawake wawili wanaingia uani. Mmoja alikuwa Odilia, shangazi yake Atupele, mama mnene asiyejua kuzunguka maneno. Wa pili alikuwa Atupele mwenyewe, amekonda uso, na tumbo limeanza kuonekana chini ya kitenge.

"Mugonile," akasalimu Odilia.

"Ee, ndaga. Karibuni," akajibu Ambrose, na mikono yake ikasahau kakao.

"Shikamoo baba," akasema Atupele akipiga goti.

"Marahaba mwanangu."

Tusekile, mke wa Ambrose, akatoa viti akaketi nao. Odilia hakungoja hata chai. Alisema Atupele ameolewa tena, na Dickson, fundi wa injini za boti pale Itungi, kijana mstaarabu. Lakini mimba mbili zimeharibika, na hii ni ya tatu. Hospitali wamempima, hawakuona kitu. Wazee wa kwao wamekaa wakasema mbona jambo liko wazi: kuna hasira nyuma yake, hasira ya nyumba aliyoiacha, na nyumba hiyo haijampulizia maji.

Kupuliza maji ni jambo la zamani. Watu waliokosana hukaa pamoja, kila mmoja akatoa lililo moyoni, lote, bila kubakiza. Kisha bakuli la maji huzunguka, na kila mmoja hutia maji kinywani na kuyapuliza chini. Hasira inatoka nayo. Siku hizi watu hukataa kwamba wanaamini mambo hayo, halafu wanayafanya wakiwa wamefunga mlango, na mchungaji akijua hujifanya hajui.

"Tumemwendea Nsajigwa na mama yake, wamekubali," alisema Odilia. "Lakini anatakiwa mtu wa kati wa kuongoza, jirani mwenye moyo safi. Mama mzee amesema hamtaki mwingine ila wewe. Wewe ndiye uliyemtoa mtoto majini."

"Labda mchungaji..." alianza Ambrose.

"Mchungaji ataomba, na tutasema amina. Maji yanamtaka jirani."

Atupele ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, macho kwenye mikeka. "Baba, nakuomba. Nikimpoteza na huyu, sijui nitakuwa mtu gani."

Angekataaje? Alikubali. Walipoondoka alirudi kugeuza kakao iliyokwisha kugeuzwa.

Tusekile alimwacha kwanza atulie. Mwanamke huyu alikuwa akijua tangu siku ile, kwa kuwa ndiye aliyeliona jembe limesimama kwenye tope la tuta na kulirudisha nyumbani, na ndiye aliyezifua nguo za mumewe. Hakuwahi kumuuliza kitu, wala yeye hakuwahi kumweleza. Miaka yote hiyo walikuwa wakilala kitanda kimoja na jambo lile katikati, na yeye Tusekile alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Usiseme hakuwa na dhambi. Alikuwa nayo, nusu kwa nusu.

"Utasema?" aliuliza hatimaye.

"Nikiongoza maji nikiwa na hili moyoni, maji yatakuwa ya uongo. Yatamgeukia yeye na mtoto wake."

"Tangu lini unaamini maji?"

"Siamini," alisema Ambrose. "Naogopa."

"Basi nisikilize, baba Humphrey. Yule mama haji kutafuta ukweli. Amekuja kusamehewa. Ameshajua kosa lake ni lipi, ameshalizoea, anataka alitue azae. Ukimwambia leo kwamba hakuwa na kosa, utakuwa umempa nini? Hasira, na mimba tumboni. Ulitakiwa kusema kwenye kile kikao. La kuvunda halina ubani. Kufa nalo."

"Na roho yangu?"

Tusekile aliinuka. "Ndiyo hiyo," alisema. "Roho yako." Akaingia jikoni.

Ambrose alikasirika, kwa sababu mkewe alikuwa amemgusa penyewe. Kweli alimwonea huruma Atupele. Kweli aliogopa maji yasije yakamdhuru. Lakini chini ya huruma na chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, uchovu wa mzigo, tamaa ya kuutua popote, hata kichwani pa mtu mwingine. Hilo hakutaka kuliangalia. Mpaka siku ya maji inafika alikuwa ameamua kunyamaza, na alijiona mtu mwema kwa uamuzi huo.

Walikaa nyumbani kwa Nsajigwa, sebuleni, mlango umefungwa. Nyumba ilikuwa mpya, ya matofali ya kuchoma, imejengwa mbali kidogo na ile ya zamani ambayo sasa ilikuwa msingi tu uliofunikwa na majani. Dickson hakuingia, haifai mume wa sasa kuingia kwa mume wa zamani. Alibaki barabarani na pikipiki yake. Huko jikoni Prisca alikuwa amechinja kuku wa kula watu wakishapatana, na harufu ya wali ilikuwa imeshaingia mpaka ndani.

Bibi Angetile aliketi kwenye mkeka, bakuli la maji mbele yake. Nsajigwa alikaa kando ya mama yake, mikono mapajani. Atupele na Odilia walikaa upande wa pili, na Tusekile karibu na mlango. Ambrose alisimama, akaomba kwa jina la Yesu, kisha akasema yale yanayosemwa: kwamba mwenye neno alitoe, asifiche, maana kilichofichwa ndicho kinachoua.

"Na iwe hivyo," akadakia Odilia. "Mficha uchi hazai."

Bibi Angetile alianza. Alisema siku Atupele anaondoka, alisimama pale kwenye migomba akamnenea maneno mabaya. Alisema asizae tena. Hakudhani Kyala, Mungu, angemsikia, lakini inaonekana alisikia. Sasa yeye ni mzee, anaelekea kaburini, na hataki kwenda kukutana na mjukuu wake akiwa na maneno hayo mdomoni. Alilia kidogo, akajifuta kwa pembe ya kanga.

Nsajigwa alisema mambo yake kwa mkato. Alikuwa na hasira kwa sababu ya mashine. Kila akiisikia ikinguruma alikuwa akijiuliza, kwani ule mpunga ungekimbia? Usingengoja kesho? Basi. Sasa anatoa.

Kisha Atupele. Alipiga magoti kabisa, mikono imefumbatwa.

"Nilimwacha mtoto mgonjwa," alisema. "Hilo ni kosa langu. Na lipo la pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye kikao nilisema tuta lilikuwa kavu. Nilisema uongo mbele ya roho ya marehemu. Sikujua kwamba nasema uongo, mama, naapa, nililiona kavu kabisa, mpaka leo nikifumba macho naliona kavu. Lakini baba huyu alikuwa palepale shambani, na yeye hana sababu ya kudanganya. Kwa hiyo ni macho yangu. Nilikuwa na haraka, sikuangalia vizuri, nikajidanganya nimeangalia. Tangu hapo siyaamini. Nikifunga mlango narudi kuutazama. Nikizima jiko narudi. Mume wangu ananicheka, lakini hanijui. Naomba mnisamehe."

Bibi Angetile akaitikia kwa shukrani, "Ndaga, mwanangu," na kulisukuma bakuli kwa Ambrose, ili aanze kupuliza.

Ambrose alilishika. Alimwona Tusekile kule mlangoni akitikisa kichwa, polepole, mara moja. Akafungua kinywa apokee maji, na badala ya maji kuingia, maneno yakatoka.

"Mimi ndiye niliyelikata."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aseme yote: mpunga, jembe, upenyo, magogo ya migomba, na kile kikao. Alisema haraka haraka, na kadiri alivyosema ndivyo alivyosikia kifua chake kinafunguka, na alitamani maneno yasiishe. Alipomaliza alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima na koti lake la mzee wa kanisa.

Wa kwanza kusema alikuwa Atupele. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kwa hiyo lilikuwa kavu."

"Lilikuwa kavu, mwanangu."

"Nililiangalia."

"Uliliangalia vizuri. Ulikuwa sahihi."

Atupele alirudi kukaa, akayaweka macho yake kwenye bakuli.

Nsajigwa alikuwa ameinuka. Ilionekana kama atampiga Ambrose, na Ambrose alikuwa tayari apigwe. Nadhani hata alikuwa akitamani. Lakini Nsajigwa alitembea mpaka dirishani, akasimama akitazama nje kwenye majaruba, kisha akauliza bila kugeuka.

"Mpunga ulikuwa umefika wapi?"

"Ulikuwa umechanua."

"Wote?"

"Wote."

Nsajigwa akashusha pumzi. Mabega yake yalitikisika, na alipogeuka uso ulikuwa umelowa machozi.

"Umechanua," alisema. "Mwenzangu, hata mimi ningelikata." Akamwendea, akamshika mabega. "Ungeniambia. Mbona hukuniambia? Sisi si tumekua pamoja? Maji yakimwagika hayazoleki. Wewe ndiye uliyeingia kumtoa mwanangu, hilo siwezi kulisahau."

Akainama, akachukua bakuli, akatia maji kinywani na kuyapuliza sakafuni mbele ya miguu ya Ambrose. Haikuchukua hata muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Kwa mke aliyekwenda kukoboa mpunga alihitaji miaka sita, kuku, shangazi na mtu wa kati. Kwa rafiki aliyekata tuta na kusema uongo, alihitaji kujua tu kama mpunga ulikuwa umechanua. Wanaume ni watu wa ajabu sana wakisameheana.

Bibi Angetile alisita. Alimtazama mwanawe, akamtazama Ambrose, kisha naye akapuliza, maana mwanawe ameshapuliza na yeye atabishana na nani. Ambrose akapuliza. Odilia, ambaye uso wake ulikuwa umebadilika, alipuliza kwa hasira kiasi kwamba maji yalifika ukutani.

"Haya, mama Lusajo," alisema Nsajigwa kwa upole, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo tangu amfukuze. "Na wewe puliza, tumalize. Sasa hata kosa huna."

Atupele alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akatia funda moja kinywani, mashavu yakajaa. Akainama mbele kama walivyoinama wenzake. Wote walingoja. Alifumba macho, jasho likamtoka juu ya mdomo. Alijaribu, aliyemwona hawezi kusema hakujaribu. Mkono wake mmoja ulikuwa tumboni.

"Puliza, mwanangu," alinong'ona Odilia. "Puliza kwa ajili ya mtoto."

Koo la Atupele likapanda, likashuka. Alikuwa ameyameza.

Bibi Angetile alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake; maji yaliyomezwa yameingia na kile kilichotakiwa kutoka. Odilia akamshika mpwa wake mabega akimwambia ateme, ateme haraka, bado hayajafika, na Atupele akatikisa kichwa.

"Halitoki, shangazi," alisema. "Nilikuja na langu, lilikuwa limeshafika mdomoni. Hili nililopewa sasa hivi bado silijui." Kisha akamgeukia Ambrose, na macho yake, yale aliyoambiwa ni ya uongo, yalikuwa makavu. "Baba, hukuweza kungoja nizae?"

Atupele aliinuka kwa kuegemea ukuta, akafunga kitenge vizuri, akatoka. Odilia alimfuata akilia. Tusekile naye akatoka, akawapita, akamshika Atupele mkono kwenye njia ya migomba mpaka barabarani alipokuwa Dickson, na hakurudi ndani tena. Sauti ya pikipiki ilisikika ikiondoka taratibu, kama inavyoendeshwa mtu anapombeba mjamzito.

Ndani walibaki watu watatu na bakuli. Bibi Angetile alikuwa ameanza kuomba kwa Kinyakyusa, maneno ya zamani, akijipiga magoti kwa viganja. Nsajigwa alisema yule mwanamke siku zote alikuwa mgumu wa moyo, lakini yatapita, akishazaa yatapita. Halafu mlango wa jikoni ukafunguka na Prisca akaleta sinia la wali na kuku, mvuke ukipanda, akaliweka katikati ya mkeka juu ya sakafu ambayo bado ilikuwa imelowa.

"Karibu, mwenzangu," alisema Nsajigwa, akimmiminia maji ya kunawa. "Tule. Yamekwisha."

Ambrose alinawa. Alijua kwamba hayakwisha, na alijua yameanzia upya kwa nani. Alijaribu kuitafuta ndani yake ile hali nzito aliyoishi nayo miaka yote, angalau imzuie kula, na hakuiona. Kifua kilikuwa chepesi. Alijichukia kwa wepesi ule. Akaupeleka mkono kwenye sinia, Mungu amsamehe, kwa sababu alikuwa na njaa.